Foromali jukwaani

Swali: Assalaam alaykum, maalim. Sisi ni kikundi cha maigizo hapa Wete. Tumepata mwongozo wa Kiingereza unaofundisha kutundika mapazia, taa na mandhari juu ya jukwaa, na tunautia Kiswahili kwa ajili ya vijana wapya. Mwenzetu mmoja, mtoto wa nahodha, anataka tutumie maneno ya jahazi: foromali, henza, farumi, goshi. Wengine wanasema mgeni hatoyafahamu. Nani tumfuate?

Jibu: Waalaykumu salaam. Mfuateni mtoto wa nahodha, ila usukani msimwachie peke yake.

Ujamaa wa jukwaa na chombo si wa kubuni. Waingereza wenyewe kamba za jukwaani huziita kwa neno lilelile la kamba za merikebu, na katika majumba yao ya zamani ya michezo kamba hufungwa kwenye vigingi vilivyopangwa safu, kama melini. Hata mwiko wao wa kupiga mbinja nyuma ya pazia husimuliwa kuwa ulitokana na mabaharia walioajiriwa kuvuta kamba. Ishara zao zilikuwa mbinja, basi aliyepiga ovyo aliweza kuteremshiwa mzigo kichwani.

Foromali lichukueni bila wasiwasi. Jahazini ni ule mti unaobeba tanga. Bomba la chuma lililolazwa juu ya jukwaa, likatundikwa pazia au taa, linafanya kazi hiyohiyo. Mkiliita bomba tu hamkukosea, lakini jukwaani mabomba ni mengi, na atakayeambiwa “teremsha bomba” atauliza lipi.

Kapi na roda nanyi mnayo tayari. Roda ni kile kigurudumu kinachozunguka, kapi ni chombo kizima kinachokibeba. Henza nalo zuri, ila lataka uangalifu. Katika jahazi, henza ni ile kamba nene inayobeba foromali na kupita kileleni mwa mlingoti. Watu hawaivuti hiyo. Inaishia kwenye gofia, yaani kapi la juu, na baina ya gofia na abedari, kapi la chini, hupita jarari, kamba nyembamba zaidi, ambayo ndiyo mikono ya mabaharia inayoishika. Makapi mawili hayo hupunguza uzito wa kuvuta, kwa gharama ya kuvuta kamba ndefu zaidi. Kwa hiyo iliyobeba mzigo iteni henza, na inayovutwa kwa mkono iteni jarari. Gofia na abedari ziacheni bandarini. “Kapi la juu” na “kapi la chini” yanamtosha mwanafunzi.

Farumi nalikataa. Farumi ni mzigo unaowekwa tumboni mwa chombo kisipinduke. Haulingani na kitu chochote upande wa pili. Vile vyuma vinavyopangwa upande wa pili wa kamba ili vilingane na uzito wa foromali na pazia lake vina jina dukani: mawe ya mizani. Jina hilo linafundisha kazi yenyewe. Anayelisikia anafahamu kwamba pazia likitolewa kwanza na mawe yakabaki, foromali itafyatuka kwenda juu. Ndiyo maana wakati wa kufungua huondolewa mawe kwanza, kisha pazia, na wakati wa kutundika hutangulia pazia.

Goshi ndilo baya zaidi. Nahisi mwenzenu anataka goshi iwe kulia na demani iwe kushoto. Lakini goshini ni upande upepo unakotoka, na demani ni upande unakokwenda. Chombo kikigeuza, na pande hizo zinageuka. Jukwaa halina kaskazi wala kusi. Semeni kulia na kushoto kwa mchezaji aliyewaelekea watazamaji, basi.

Sasa jambo ambalo hamkuuliza, nami naliona kubwa kuliko majina yote: maneno ya amri. Kupandisha ni “tweka”, kuteremsha ni “tua”. Yote mawili ya baharini, mafupi, na hata kwa kelele hayafanani. Lakini piga marufuku “wacha”. Sisi huku tunasema “wacha” kumzuia mtu asiendelee, na “wacha” hiyohiyo kumwambia aachie alichokishika. Mwambie hivyo kijana mwenye jarari mkononi na foromali iko juu ya vichwa vya watu, uone ataifahamu ipi. Kusimamisha iwe “basi”. Kuachia iwe “legeza”, tena polepole, na baada ya kamba kufungwa iwe “imefungwa”, aliyeifunga aseme mwenyewe.

Kabla ya kutua chochote, mtu apaze sauti: “Simile!” Wachukuzi wa Mjini Unguja walilipigia kelele neno hilo vichochoroni kutaka njia, na sioni sababu ya kulitafutia jingine.

Kuhusu mgeni asiyefahamu: hata wa Wete akiletewa bomba na kapi ataonyeshwa kwa kidole siku ya kwanza. Na mkienda kucheza Ngome Kongwe ya Mjini Unguja, pale jukwaa liko wazi chini ya mbingu, hakuna dari ya kutwekea foromali. Mtakuta minara ya vyuma ya muda tu, nayo iteni minara.

Katika tafsiri yenu mmeandika foromali mahali pengine na foramali pengine. Yote yanasemwa. Chagueni moja, na wingi wake ni foromali hizi, si maforomali.