Mahindi yamepona maharage yanakauka, dawa ni feki?

SWALI: Shikamoo mtaalamu. Mi nachanganya mahindi na maharage, msimu huu nilivyopanda tu nikapulizia dawa ya magugu ya atrazini, dukani kwenye pembejeo waliniambia ni ya mahindi. Mahindi yako safi, ila maharage yaliota vizuri halafu majani yakaanza njano pembeni na sasa yanakauka. Nimeuziwa feki? – Msomaji, Mbozi

JIBU: Marahaba, na pole sana. Siyo feki, imefanya kazi yake, shida ni kwamba kwa dawa hiyo maharage ni gugu kama magugu mengine.

Atrazini inaingilia mizizini, inapanda na maji mpaka kwenye jani, ikifika inakalia protini moja inaitwa D1, ambayo ndo inapokezana elektroni (chembe ndogo sana zinazobeba umeme) mmea unapotumia mwanga kutengeneza chakula. Nafasi ikishakaliwa elektroni hazipiti, na jua linaendelea kuwaka, kwahiyo nguvu yake inakosa pa kwenda inazalisha oksijeni kali inayochoma jani kwa ndani. Wengi wanadhani mmea unakufa njaa, ila kinachoua haraka ni hiyo oksijeni. Ndo maana yaliota vizuri, mbegu ilikuwa inakula akiba yake, balaa likaanza majani yalipoanza kujitegemea, tena yale ya chini, ukingoni, maana maji yanaishia hapo na dawa inajikusanya.

Sasa mbona mahindi yamepona? D1 hata yenyewe yanayo, na inakamatwa vilevile! Ila yana vimeng'enya vingi (protini zinazoharakisha kazi za kikemikali) vya glutathioni transferasi, vinaibandika atrazini mapema kwenye glutathioni, molekuli ndogo iliyomo kwenye mmea, na ikishabandikwa haiwezi tena kukalia D1. Mtama nao hivyohivyo. Maharage hayana uwezo huo wa kutosha.

Magugu nayo yanajibadilisha jamani. Mwaka 1970 iliripotiwa kutoka jimbo la Washington, Marekani, kwamba gugu Senecio vulgaris halifi kwa dawa za kundi hili, na baadaye ikajulikana amino asidi moja tu ya D1 (kipande kimoja kati ya vinavyojenga protini), ya 264, imegeuka kutoka serini kuwa glisini, hivyo dawa haishiki tena vizuri hapo. Kwahiyo usipige dawa hiyohiyo kila mwaka.

Hayo maharage usiyahangaikie tena, na usirudishie mengine sasa hivi, atrazini inaweza kukaa ardhini miezi. Kabla ya kupanda tena chukua udongo wa hapo weka kwenye kopo, kopo lingine weka udongo wa sehemu isiyopigwa dawa, panda maharage machache kote, subiri wiki tatu hivi. Ya shambani yakianza njano pembeni na mengine yako sawa, msimu huo weka mahindi au mtama peke yake.