Kuhusu mzazi kupangiwa nguo getini

Dada, umeuliza kama shule ina haki ya kumwambia mzazi avae nini anapomleta mtoto asubuhi. Mimi nasema iombe, lakini isimzuie mtu getini.

Wenzetu nao wamebishana sana. Mwaka 2016 mwalimu mkuu wa shule ya msingi ya Skerne Park, Darlington, Uingereza, aliwaandikia wazazi akiwaomba wasije na pajama, yaani nguo za kulalia. Mwaka 2019 sekondari ya James Madison, Houston, Marekani, ikakaza zaidi: mzazi ukija na pajama au rola za nywele kichwani, huingii.

Sasa njoo hapa Kigoma. Mama anayeanika dagaa Kibirizi ameamka usiku kuwahi maboti. Saa moja kasoro kamshika mtoto mkono, kanga moja kiunoni, nyingine begani, magamba yamemganda vidoleni. Nimemwona mmoja akisimama ng'ambo ya barabara, akimwacha mwanawe avuke peke yake, kwa kuwa mlinzi alishamwambia hajavaa vizuri. Mtoto mdogo yule, wa darasa la kwanza, na bodaboda zinapita kama upepo. Iliniuma mno.

Kanga si pajama jamani! Ndiyo tunayojifunga kwenda msibani.

Akija mtu na nguo ya kulalia inayoonyesha mwili, sawa, mwalimu amwite pembeni amweleze kwa staha, mtoto asisikie. Hilo suala la mavazi shuleni kwenu lipelekeni kwenye kikao cha wazazi, na kabla ya yote ombeni mlinzi aondolewe kazi ya kukagua nguo.