Vibonge vya chokoleti vinalegea kabla ya wageni kufika

SWALI: Natengeneza vibonge vya chokoleti vya korosho na zabibu kavu kwa ajili ya sherehe. Natumia chokoleti gramu 200 na krimu mililita 200. Vikitoka kwenye friji vinatoa jasho, halafu vinalegea. Safari nyingine chokoleti huganda mabonge ninapoiyeyusha juu ya maji ya moto. Nifanyeje?
Msomaji, Shangani, Mtwara

JIBU: Krimu imezidi. Kipimo cha sawa kwa sawa ni cha kumwagia keki. Vibonge vinataka chokoleti mara mbili ya krimu, na kwa joto la pwani yetu weka gramu 250 kwa mililita 100. Tumia chokoleti nyeusi. Ya maziwa huyeyuka mapema zaidi.

Mabonge yanaletwa na maji. Tone moja au mvuke kidogo tu hufanya sukari na kakao zishikane. Usiitupe: ongeza krimu ya moto kidogo kidogo ukikoroga, italainika. Ila kuyeyusha juu ya maji hakuna haja. Katakata chokoleti ndogondogo, pasha krimu hadi itoe mapovu pembeni mwa sufuria, imwagie, subiri dakika 2, ndipo ukoroge taratibu kuanzia katikati. Mafuta yakijitenga, moto ulizidi. Kijiko kimoja cha maziwa ya vuguvugu huyarudisha.

Korosho gramu 80, zisizo na chumvi, zikaange kavu kwa moto mdogo, zipoe kabisa, kisha zikatekate. Zabibu gramu 60, usiloweke: unyevu huleta ukungu. Ukiziosha, zikaushe vizuri kwa kitambaa. Changanya vyote rojo likishapoa, weka kwenye friji kwa muda wa saa 2, chota kwa kijiko cha chai na uviringishe haraka kwa viganja vyenye unga wa kakao.

Jasho ni unyevu wa hewa unaogeuka matone juu ya kitu baridi. Toa chombo kikiwa kimefunikwa, subiri dakika 15, ndipo ufungue. Na andaa sahani ndogo ndogo. Sinia zima mezani mchana wa Desemba halitafika mbali, hata kipimo kikiwa sahihi.

SWALI: Tui linafaa badala ya krimu?
Msomaji, Lindi

JIBU: Linafaa, likiwa la mkamuo wa kwanza, lisilotiwa maji. Lichuje, lilaze kwenye friji, uchukue utando mzito wa juu, mililita 100, uuchemshe kwanza. Tende hukubaliana na nazi kuliko zabibu. Vibonge hivyo viliwe ndani ya siku 3, kwani tui huchacha upesi.