Kutoka jukwaa la ngoma hadi tamthilia ya televisheni: jibu kwa dada aliyeuliza

Dada uliyeuliza kama uache kikundi cha ngoma ulichokichezea miaka mitatu ili ujaribu usaili wa tamthilia, naomba nikujibu kwa niliyoyapitia mwenyewe hapa Kampala, kwani nilicheza ngoma jukwaani kwa miaka tisa kabla sijasimama mbele ya kamera.

Usidhani kwamba utaanza sifuri. Siku yangu ya kwanza ya kurekodi, sakafuni palibandikwa kipande cha utepe mwekundu ambapo nilitakiwa kusimama ili taa inipate usoni, na wenzangu wawili walirudia tukio mara kadhaa kwa sababu kila walipokikaribia waliinamisha macho kukitafuta. Mimi nilihesabu hatua kutoka mlangoni, nikaona ni sita, na tangu hapo nilifika pale huku nikimtazama mwenzangu. Aliyezoea kucheza runyege, ngoma ya Wanyoro na Watooro, njuga zikiwa zimefungwa miguuni na wachezaji wengine wakimpita kila upande, hapotei katika sebule ndogo.

Kilichonitesa ni uso. Jukwaani, iwe katika Jumba la Taifa la Maonyesho lililofunguliwa mwaka 1959 au kule kituo cha utamaduni cha Ndere, mtaa wa Ntinda, tunazoeshwa kutabasamu hadi mtu wa kiti cha nyuma kabisa ayaone meno. Nilipoambiwa niigize mtu anayepokea habari za msiba, nilitupa mikono na kutoa macho. Mwongozaji akanionyesha tulichorekodi, nami sikuonekana mfiwa hata kidogo, bali mtu aliyekanyaga kaa la moto. Bakisimba, ngoma ya Waganda, ndiyo iliyoniokoa. Unajua inavyochezwa: kazi yote iko kiunoni na miguuni, huku mabega na kichwa vimetulia kana kwamba mchezaji amejitwika mtungi. Nikaanza kuibeba huzuni vivyo hivyo, nikaishusha tumboni na kuuacha uso upumzike, na mwongozaji akaacha kunikatiza.

Jambo la pili ni lugha. Tamthilia nyingi za hapa, zikiwemo za kituo cha Pearl Magic kilichoanza mwaka 2018, huzungumzwa kwa Luganda, ilhali mimi nimekulia Arua, ambako sokoni tunauziana kwa Kiswahili. Matokeo yake nafasi zangu tatu za mwanzo zote zilikuwa za askari, kwa kuwa Uganda mtu akisema Kiswahili watu humdhania ni wa jeshi au polisi. (Mjomba wangu bado ananiita afande.) Ilinichukua miaka miwili ya kuzungumza Luganda na kina mama wanaouza ndizi mtaani kwetu kabla sijapewa nafasi ya mume wa mtu.

Kuhusu kuacha kikundi, nakusihi usiache. Kampuni moja, ambayo sitaitaja, ilinilipa miezi mitano baada ya kumaliza kurekodi, na kodi ya chumba niliilipa kwa fedha za kucheza kwenye kwanjula, yaani sherehe za Kiganda za kumtambulisha mchumba kwa wazazi wa bibi harusi, tulizokuwa tukigawana jioni ile ile kabla hatujavua mavazi. Kwanjula na maonyesho mengi huangukia mwisho wa wiki. Kwa hiyo kabla hujatia sahihi mkataba wowote, uliza mambo mawili tu: malipo yatatoka tarehe gani, na kama watakuhitaji siku za Jumamosi. La Jumamosi mweleze kiongozi wa kikundi chako mapema, asije akalisikia kwa mpiga ngoma.