Kabla hujalipia hicho kiwanja cha mtandaoni, ingia uhesabu watu

Usilipe. Hata hiyo "ya kushikilia nafasi", usilipe.

Nimesoma swali lako mara mbili yakhe. Uko Kisauni, una laki moja na nusu kutoka kwa chama, na kuna "mshauri" amekuambia ununue kiwanja kwenye ulimwengu wa mtandaoni kabla bei haijapanda Ijumaa. Sasa unauliza kompyuta gani inafaa, kama miwani ya VR, ile ya kuvaa machoni ujione uko ndani, ni lazima, kama intaneti ya nyumbani itatosha, na kama watoto wanaweza kuingia humo. Wenzangu hapo juu wamekujibu kuhusu RAM, kumbukumbu ya kompyuta, vizuri kabisa, lakini hakuna hata mmoja aliyekuuliza humo ndani unamokwenda kuna nani.

Mimi nilinunua. Nilitoa kiasi gani sisemi, mke wangu ana akaunti hapa. Niseme tu kwamba zilikuwa pesa za tuktuk, na tuktuk mpaka leo sina.

Ilikuwa mwisho wa 2021. Oktoba ile Facebook ilibadili jina la kampuni ikawa Meta, na ghafla kila mtu akawa bingwa wa metavesi, yaani hizi dunia za mtandaoni. Mwezi uliofuata ikatangazwa kwamba ardhi ndani ya Decentraland, mojawapo ya dunia hizo, imeuzwa kwa takriban dola milioni 2.4. Bwana mmoja akatukusanya kwenye ukumbi wa hoteli huko Nyali, akaimulika habari hiyo ukutani kwa projekta, akanyamaza kidogo ili ituingie. Chai na sambusa tulilipia wenyewe. Hapo ndipo ningeamka nikaenda zangu, lakini sambusa zilikuwa tamu.

Maneno yake yalikuwa mawili tu: "ardhi haiongezeki" na "kiwanja chako kiko barabarani". Yote mawili nataka uyaangalie vizuri, kwa sababu nina hakika ndiyo unayoambiwa wewe sasa hivi.

La kwanza. Ni kweli Decentraland ina viwanja 90,601, kila kimoja mita 16 kwa 16, na idadi hiyo imeandikwa kwenye mfumo wenyewe. Yule bwana aliitaja kama aya. Asichosema ni kwamba hakuna kinachomzuia mtu mwingine kufungua ulimwengu mwingine kesho wenye viwanja mara kumi ya hivyo. Na walifungua! Mimi wala sikununua huko, nilinunua kwenye mmoja wa hao wageni, ambao siutaji jina, kwa kuwa "bei bado iko chini".

La pili ndilo lililonimaliza. Barabarani! Yakhe, kwenye dunia hizi nani anapita barabarani? Mtu anachagua mahali anapotaka kwenda, anabonyeza, ametokea huko. Hapandi matatu ya Bamburi akaliona duka lako kupitia dirishani. Na hili lilikuwa limeshajulikana zamani. Second Life, dunia ya namna hiyo hiyo iliyofunguliwa 2003, mwanzoni ilikuwa na vituo maalumu ambapo kila msafiri alilazimika kushukia, basi watu wakajenga maduka kuvizunguka vituo hivyo na ardhi ya pale ikawa ghali. Desemba 2005 kampuni ikaruhusu watu waruke moja kwa moja mpaka wanapotaka. Faida ya kuwa karibu na kituo ikaishia hapo, kwa badiliko moja la programu. Miaka 16 baadaye mimi nakaa Nyali nauziwa "barabarani", naandika kwenye daftari, na napiga mstari chini yake.

Nikaingia kukiona kiwanja changu kwa kompyuta ya mpwa wangu, feni inanguruma utadhani inasaga mahindi. Majani mabichi, anga safi. Kushoto kuna bango la sarafu ya kidijitali, kulia hakuna kitu. Nikasimama. Hatimaye akaja mtu mbio, akasimama mbele yangu, akaruka ruka. Nikamwandikia salamu, moyo unanidunda, huyu ndiye mteja wa kwanza. Kumbe ni jirani mwenye kiwanja cha nyuma, alikuwa amedhani mteja ni mimi. Hatukumwona mtu mwingine usiku ule, wala nilipoingia tena wiki ile, wala baada ya hapo.

Nilipotaka kuuza hakukuwa na mnunuzi, na kila muamala kwenye Ethereum, mtandao ambako umiliki wa viwanja hivi huandikwa, ulikuwa na ada yake, unalipa hata ukikosa mnunuzi. Sarafu za dunia hizi nazo zikaanguka pamoja. MANA ya Decentraland ilipita dola 5 Novemba 2021, na 2022 ilipokwisha ilikuwa chini ya nusu dola. Sarafu ya dunia niliyonunua mimi ilikuwa ndogo kuliko hiyo, kwa hiyo ilianguka bila hata kelele. Nilimpigia simu yule bwana wa sambusa. "Subira, ndugu." Siku hizi namwona mtandaoni anafundisha kilimo cha parachichi, shati lile lile.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba sisi watu wa Mombasa tulistahili kuwa wa mwisho kudanganywa. Majengo na Kisauni kuna nyumba ngapi ambazo mwenye nyumba si mwenye ardhi? Kuta na mabati ni yako, lakini kodi ya kiwanja unampelekea mwingine kila mwezi, na siku akiuza, mazungumzo yanageuka. Huko mtandaoni ni hivyo hivyo. Tokeni, ile hati ya kidijitali ya kiwanja, ni yako kweli, iko kwenye pochi yako ya mtandaoni, lakini seva, kompyuta zinazoonyesha majani na anga, ni za mtu mwingine. Akizizima, wewe baki na tokeni.

Sisemi hakuna kitu humo. Watu wanapendana humo, wanasikiliza muziki pamoja, mtu asiyeweza kutoka kitandani anacheza dansi mpaka alfajiri. Second Life ipo mpaka leo kwa sababu hiyo. Hata yule mwanamke ambaye madalali hawachoki kumtaja, Anshe Chung, aliyetajirika kwa ardhi ya Second Life na kutokea kwenye jalada la jarida la BusinessWeek Mei 2006, hakununua ardhi akakaa kusubiri bei. Aliigawa, akaipamba, akawapangisha watu waliokuwa tayari wanaishi humo na wanataka mahali pa kukaa. Wapangaji kwanza! Hiyo sehemu haikuwepo kwenye projekta. Haikuwepo pia habari ya "benki" ya humo humo, Ginko, iliyoahidi riba ya zaidi ya asilimia 40 kwa mwaka, ikaporomoka 2007 na pesa za watu, na Januari 2008 wenye Second Life wakapiga marufuku benki zisizo na leseni.

Kuna kijana namjua Mji wa Kale anayepata chochote huko, na hana kiwanja hata kimoja. Anawatengenezea nguo avata, yaani wale vikaragosi ambavyo watu hutembea navyo humo. Alianza na kanga, akahangaika sana kwa sababu pindo lilikuwa linakunjika kiunoni na jina linavutika mpaka halisomeki, ikabidi alichore upya likae juu kidogo. Wanunuzi humuuliza maandishi yanasema nini. Lakini alizurura humo muda mrefu kwanza, akaona watu wanavaa nini na wanakusanyika wapi, ndipo akachora.

Miwani usinunue. Binti wa dada yangu yuko kwenye Roblox, dunia ya michezo ya mtandaoni, kwa simu ya kawaida na ana marafiki kuliko mimi.

Sasa fanya hivi. Huhitaji kulipa kitu kuingia, na kama huyo mshauri anasema mpaka ulipe ndipo uone, basi umeshajibiwa. Ingia leo saa tatu usiku, ingia kesho mchana, simama kwenye hicho kiwanja na vya jirani, na uhesabu watu unaowaona kwa macho yako. Usihesabu "watumiaji waliojisajili", mimi pia nimesajiliwa. Ukimwona mtu, msalimie umuulize kama amekuja kununua au na yeye anauza. Halafu urudi hapa uandike idadi. Ijumaa ikikukuta hujaandika, chama kirudishiwe pesa zake.