Darasani ataingia, chooni je?

Mhariri,

Wiki hii mmetuuliza wasomaji: watoto wenye ulemavu wasome darasa moja na wenzao, au waendelee kupelekwa shule zao maalumu? Najua watakaojibu wengi ni walimu na wazazi. Mimi ni fundi wa mjengo hapa Nakuru. Mkate wangu unatoka kwenye mawe na simiti, na nimejenga na kukarabati madarasa kuanzia Lanet hadi Njoro. Jibu langu ni ndiyo, wasome pamoja. Ila mjadala huu naona huwa tunauanzia darasani, na mimi ningeuanzia uani, kwa sababu wako watoto ambao hawakushindwa na hesabu wala Kiingereza. Walishindwa na choo.

Shule moja ya kutwa, jina naliacha, iliniita nitengeneze sakafu za madarasa mawili. Katika darasa la sita kulikuwa na msichana wa kiti cha magurudumu, mkali wa insha kiasi kwamba wenzake walimpelekea zao azipitie kabla ya mwalimu kuziona. Kengele ya mapumziko ikilia, watoto walikimbilia bomba, yeye akabaki karibu na dirisha. Rafiki yake alimletea maji kwenye kikombe cha plastiki, akatikisa kichwa. Nilidhani hana kiu. Kesho yake ikawa vilevile, na ilikuwa Januari, mabati yanachoma. Mpishi wa shule ndiye aliyenifungua macho: huyu mtoto hatii maji mdomoni tangu asubuhi mpaka arudi kwao, kwa kuwa kiti hakiingii chooni. Mama yake akipata nafasi huja saa nne kumbeba, lakini mama anauza mboga sokoni, na saa nne ndipo wateja wanapoanza kumiminika.

Nilichukua tepu nikaenda kupima. Mlango wa choo ulikuwa inchi 24, kiti chake inchi 25 kutoka gurudumu hadi gurudumu. Inchi moja! Na hata ingepatikana hiyo moja, mlango ulifungukia ndani, na huko ndani kulikuwa na tundu, kuta tatu na nafasi ya mtu mmoja kuchuchumaa. Mtoto wa kiti anahitaji mlango wa inchi 32 kwenda juu unaofungukia nje, nafasi ya kugeukia kama futi 5 kwa futi 5, mahali pa kukalia badala ya tundu la sakafuni, na chuma ukutani kinachohimili uzito wa mtu akijivuta. Fundi yeyote anayejua kusoma tepu anaweza kuvijenga hivyo.

Kwa nini basi havijengwi? Watu husema ni roho mbaya ya walimu wakuu, na mimi sikubali. Udongo wetu wa Nakuru ni wa majivu ya volkeno. Shimo la choo usipolijengea kwa mawe kuanzia chini, mvua moja kubwa inatosha kuliporomosha. Pesa nyingi ya choo inaishia ardhini, na kinachobaki cha kujengea juu kinabanwabanwa. Halafu kuna kanuni ya choo kimoja kwa kila wasichana 25 na kimoja kwa kila wavulana 30. Kanuni nzuri, siikatai, lakini mkaguzi akija anahesabu milango. Milango sita myembamba inampendeza kuliko minne ambayo mmoja wake ni mpana. Mwalimu mkuu anajenga kile atakachohesabiwa.

Nije kwenye rampu, zile njia za mteremko za kupandishia kiti, ambazo siku hizi zimekuwa mapambo ya kupigia picha. Kipimo chake ni rahisi, na kwa sisi wa futi na inchi ni rahisi zaidi: kila inchi moja ya kwenda juu, futi moja ya kwenda mbele. Veranda ikiwa juu inchi 18, rampu iwe na urefu wa futi 18. Nimeziona za futi 5 kwenye veranda za namna hiyo. Hiyo si rampu, ni mtelezo wa kuchezea watoto! Kiti kikipanda chenyewe kinapinduka nyuma, kwa hiyo lazima wavulana wawili wasukume, na kushuka ateremshwe kinyumenyume. Nyingine imejengwa vizuri kabisa, lakini kuanzia lango la shule hadi pale ilipo pamemwagwa kokoto ili watoto wasikanyage tope wakati wa mvua. Gurudumu jembamba likiingia kwenye kokoto halitoki.

Mengine hayadai hata mfuko mmoja wa simiti. Shule zenye ghorofa zina desturi ya kupandisha madarasa ya juu ghorofani, kama heshima ya ukubwa. Mtoto wa kiti akifika darasa hilo, mzazi anaambiwa shule haina lifti. Si wabadilishane vyumba tu, la nane washuke, la nne wapande? Ni kazi ya asubuhi moja ya kubeba madawati.

Sheria hatujakosa. Ile ya Watu wenye Ulemavu ya 2003 ilikataza shule kumfungia mtoto mlango kwa sababu ya ulemavu peke yake, na ilitaka majengo ya umma yarekebishwe. Mwaka 2025 tukapata mpya iliyochukua nafasi yake. Katiba ya 2010, kifungu cha 54, inampa mtu mwenye ulemavu haki ya kusoma katika taasisi zilizochanganyika na jamii, kwa kadiri inavyolingana na maslahi yake. Hayo maneno ya mwisho, kuhusu maslahi yake, naomba msiyaruke, kwa sababu ndiyo yananizuia kusema shule zote maalumu zifungwe kesho.

Mfikirie mtoto kiziwi. Mimi naweza kumpanulia milango yote ya shule na nisimsaidie hata chembe. Ukimweka kati ya watoto 60 wanaosikia, mbele ya mwalimu asiyejua ishara hata moja, hapo umemtenga, tena umemtengea katikati ya watu. Lugha ya Ishara ya Kenya ni mojawapo ya lugha tatu rasmi za Bunge letu, pamoja na Kiswahili na Kiingereza, lakini shule ya jirani ambayo mwalimu wake anaijua utaitafuta sana. Ukipita shule ya viziwi kama Ngala hapa Nakuru, utaona watoto wanatania, wanagombana na kusengenyana kwa mikono, hakuna anayengoja kutafsiriwa. Mtoto wa namna hiyo simwondoi mahali lugha yake ilipo kwa sababu tu neno ujumuishaji linapendeza kwenye hotuba. Na bado nauona uchungu wa mzazi anayemwacha bwenini mtoto wa miaka sita. Kwa hili sina jibu la kipimo.

Ndiyo maana vile vituo vya kutathmini watoto, EARC, ambavyo vimekuwepo tangu 1984, nadhani vingepaswa kujulikana kama zahanati zinavyojulikana. Mzazi aende huko kwanza, aambiwe mtoto wake anahitaji nini, kabla ya majirani kumwamulia.

Wapo watakaosema mtoto mmoja wa kiti atawachelewesha wengine 59. Huyo wa insha alikuwa akiwasaidia mwalimu na wenzake. Anayechelewesha darasa ni idadi yenyewe, na hiyo ilikuwepo kabla yake.

Ninachopendekeza kwa bodi za shule ni kidogo. Kabla mkandarasi hajalipwa pesa ya mwisho, mtoto mwenyewe aitwe na kiti chake, aanzie langoni, apande rampu, aingie darasani, atoke, aende chooni, afunge mlango kwa ndani. Akikwama popote, hundi ingoje. Na shule yoyote kati ya Lanet na Njoro ikitaka kupimiwa, Jumamosi mchana huwa sina kazi nyingi. Nitakuja na tepu yangu na pima maji. Chai mtanipa nyinyi.

Fundi wa mjengo,
Nakuru