Nne kwa Kumi

Mwanangu,

Ujumbe wako niliusoma Jumapili nikitoka kanisani, nikaurudia jioni baada ya chai. Unasema kijana wako ameona tangazo la usajili wa makurutu, ameshaanza kukimbia alfajiri, na wewe usingizi umekuruka. Unataka nikupe neno moja tu: aende au asiende. Neno moja! Unanijua nilivyo. Siku nne nimelitafuta, na kila nikilishika linateleza.

Najua linalokutia hofu. Hapo Lanet, Nakuru, unaamka na tarumbeta za kambi ya jeshi. Na sijasahau ulivyonipigia simu usiku ule wa Januari 2016, habari za El Adde, kambi ya askari wetu kule Somalia iliyovamiwa na al-Shabaab, zilipoanza kuenea, na jirani yako akakaa siku sita hajui kama ni mke au mjane. Mume wake alirudi. Wa wengine hawakurudi, na hesabu yao mpaka leo hatujasomewa.

Basi nadhani unaniuliza kama wanaokwenda hurudi. Hilo naliweza kidogo. Babu yako alirudi. Mwaka 1946 alishuka stesheni yetu ya Luanda na sanduku la mbao, akapanda Maragoli kwa miguu, na mimi nikazaliwa mwaka uliofuata. Barua yake ya vita ninayo humu kwenye mkebe wa biskuti, pamoja na ile nishani ambayo wewe na ndugu zako mliifanya kifuniko cha chupa mkicheza duka.

Hukuwahi kuisoma, kwa sababu niliificha. Acha leo niseme kwa nini.

Aliiandika Januari 1945, walipokwisha kuondolewa mbele na kurudishwa India. Alikuwa katika Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, wale wa beji ya kichwa cha kifaru. Walikuwa wameshuka bonde la Kabaw, kule Burma, wakipigana na Wajapani msimu wa mvua, chakula kikitupwa na ndege kwa miavuli, hadi Kalewa kwenye mto Chindwin, Desemba 1944. Haya yote hayamo kwenye barua. Barua zilipitia kwa ofisa kwanza, na pale palipokuwa na jina la mahali pana wino mweusi. Kilichobaki ni mistari michache, kwa Kiswahili cha keya, yaani cha askari wa KAR, jeshi la Waingereza huku kwetu, maana kuandika kwenyewe alifundishwa jeshini:

"Mimi iko mzima. Mvua mingi, tope mingi. Ile dawa ya malaria nafanya ngozi iko njano, wewe hapana ogopa. Watu yetu ingine nalala huku. Hapana uza ile ng'ombe nyeusi."

Nyanya yako hakujua kusoma. Alisomewa na katekista, na watu wanasema aliuliza swali moja tu: nani amemwambia habari za ng'ombe? Kumbe alikuwa ameshapata mnunuzi.

Sasa mwaka 1961 nina miaka kumi na minne. Mwalimu wetu wa Kiswahili amesomea pwani, na anatupiga ngeli asubuhi hadi jioni, ki-vi, li-ya, u-i. Mimi ndimi wa kwanza darasani. Siku moja nikafungua sanduku la baba, nikaikuta ile barua, na nilichokiona mimi ni makosa. Nikachukua penseli nyekundu. "Iko" nikakata, nikaandika "ni". "Tope mingi" nikaandika "tope jingi". Nilifurahi, mwanangu, nikubali, nilifurahi sana. "Nalala" nikaiongezea herufi mbili ikawa "wanalala", nikaona imekaa vizuri. Chini kabisa nikaandika: 4/10. Jitahidi.

Nikairudisha mahali pake.

Wiki chache baadaye alikuja mgeni kutoka Nyakach, mwenzake wa kombania moja. Walikula, wakanywa, baba akasema kijana alete ile karatasi awasomee. Nilitetemeka, lakini si sana, kwa sababu moyoni nilidhani nitasifiwa. Nikasoma kama nilivyosahihisha, kwa sauti ya shule. Nilipofika "watu wetu wengine wanalala huku", mgeni akaweka kikombe chini.

"Wanalala?" akaniuliza. "Wataamka lini?"

Hakuna aliyeongea. Mgeni akaanza kuhesabu kwa vidole: wa Seme mmoja, wa Bunyore wawili, Mkamba mmoja wa mashine-gani. Kidole cha mwisho alikiacha kimesimama. Huyo alikuwa ndugu yake mwenyewe, mpiga mizinga, aliyekuwa ndani ya meli ya Khedive Ismail. Nyambizi ya Wajapani iliizamisha wakielekea Ceylon, Sri Lanka ya leo, tarehe 12 Februari 1944, wakafa watu zaidi ya 1,200. "Huyu," akasema, "hata kulala hakulala."

Baba akanyosha mkono, nikampa karatasi. Akaitazama ile nyekundu kwa muda mrefu. Kisha akamgeukia mwenzake: "Mwalimu nasema mimi napata nne." Wakacheka. Walicheka mpaka mgeni akafuta macho, na mimi nimesimama pale natamani kibatari kizimike. Hakunipiga, na ningependelea fimbo. Alisema tu: "Hii ingine tengeneza. Hii 'nalala' wacha hivyo hivyo."

Nilifuta kwa mate. Ukiinua karatasi kwenye mwanga utaona imekwaruzika pale.

Mimi husema, na umenisikia mara mia, kwamba mtu wa vita haulizwi, husubiriwa aseme. Nimewafundisha hivyo nyote. Lakini nilimsubiri babu yako miaka thelathini na minane, akaenda na yake. Yote ninayoyajua ya Kabaw niliyatoa kwa wageni wake na kwa vitabu. Labda alikuwa akisubiri niulize. Au labda alijua ningesahihisha. Hapana, bado nasema haulizwi. Ila mtu wa kumsikiliza awe karibu, na mimi sikuwa karibu, nilikuwa Kisumu nafundisha watoto wa watu ngeli.

Kuhusu kijana. Jeshi lilimpa babu yako kuandika, viatu, na fedha za kununua lile shamba la chini. Likamchukulia kitu ambacho sikujua jina lake. Nimeweka hivyo viwili kwenye mizani mara nyingi wiki hii na mkono wangu unataka kuegemea upande mmoja. Siusemi. Yeye ana miaka kumi na tisa, na wewe ndiye mama. Ungekuwa umekaa hapa mbele yangu ningeshakuambia, kwa hiyo ni heri uko Nakuru.

Umtume kijana aje Jumamosi kabla ya huo usajili. Nitampa barua aisome mwenyewe, polepole, nami nitakaa kimya nione atasimama wapi. Usimwambie ile nyekundu ni ya nani. Na aje na miwani yangu, niliiacha kwenye kabati lako la vyombo.

Baba yako